Kwenda Ikola Kumchukua Mama Kabla ya Upasuaji wa Pili

Nilifunga safari ya kwenda Ikola kwa sababu ya kiti. Mkuu wa shule yetu hapa Dar es Salaam, mtu mpole asiyependa kumuudhi mtu, alileta darasani kwangu kiti cha mbao chenye mikono, akakiweka karibu na ubao, akatoka bila kusema neno. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka mingi nilifundisha huku nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, nikichora mito hewani kwa fimbo. Siku hiyo wanafunzi walikitazama kiti, wakanitazama mimi, nami nikakaa, maana magoti yalikuwa yanawaka moto. Kiti kikalia kama mlango mbovu. Hakuna mtoto aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Unene wangu haukuwa ule wa kuambiwa "mama umenawiri". Nilikuwa na presha, nilikuwa na kisukari, na miguu ilivimba mpaka viatu vikanikataa. Miaka michache kabla ya hapo, nikiwa masomoni Ulaya, madaktari wa huko walinifanyia upasuaji ambao wakati ule ulikuwa mpya. Walinifunga mkanda laini sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ili chakula kipite kidogo kidogo nami nishibe upesi. Chini ya ngozi waliacha kidude cha kutilia maji kwa sindano. Maji yakiongezwa, mkanda unakaza. Mwaka wa kwanza nilipungua, nikashona magauni mapya. Kisha nikarudi nyumbani Tanzania, na mwili nao ukarudi, tena na nyongeza.

Nilibahatika kumpata daktari Mtanzania aliyesomea mambo hayo nje. Kila nilipokwenda kwake aliniuliza nimekula nini tangu asubuhi, nami nikamjibu kwa moyo mweupe: sijala, daktari, ugali haupiti kabisa. Naye akaukaza mkanda, akaulegeza, akaukaza tena. Mwisho akavua miwani.

"Mwalimu, huu mkanda umeshindwa," alisema. "Tuutoe. Kuna upasuaji mwingine."

Alinichorea kwenye karatasi. Tumbo linakatwa na kubakizwa kifuko kidogo juu, kisha utumbo unaunganishwa na kile kifuko, ili chakula kipite njia ya mchepuko. Mchoro huo mwalimu wa jiografia aliuelewa mara moja. Aliniambia pia ubaya wake. Ni upasuaji mkubwa, watu wengine hupata matatizo, nitameza vidonge vya vitamini maisha yangu yote, na nikinywa kitu chenye sukari nyingi nitatokwa jasho, moyo utakwenda mbio na tumbo litasokota. Mwalimu wake kutoka ng'ambo alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, nao wangenipasua pamoja. Ila alikuwa na sharti moja. Alitaka nije na ndugu atakayeishi nami na kunipikia miezi ya mwanzo, naye amsikie daktari kwa masikio yake.

Mume sina, mtoto sina. Nina mama, na mama yuko Ikola, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na tangu baba alipoingia hospitali kupasuliwa ngiri akarudi ndani ya sanduku, mama hataki kusikia neno kisu. Nilijua nikimwandikia barua hatajibu. Nikaomba likizo, nikapanda treni. Nilikuwa naogopa upasuaji, lakini nilikuwa naogopa zaidi kufia kwenye kile kiti.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora nilikaa dirishani, kwa ukarimu wa abiria wenzangu wa daraja la pili, ambao walinipa nafasi ya watu wawili wakajifanya hawakuona. Kila stesheni ina chakula chake, na mimi nilivipita vyote: kuku wa kuchoma, mihogo, wali wa kwenye majani. "Mama, mbona huli?" aliniuliza jirani yangu. Nikamweleza habari za mkanda. Alinionea huruma, akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, na baada ya muda akanimiminia tena. Tabora nilinunua chupa ya asali ya kumpelekea mama. Njiani nikawa naionja. Treni ya tawi la Mpanda ilipoingia Kaliua, mama alikuwa amebakiwa na nusu chupa.

Asubuhi moja yenye ukungu tukafika Mpanda, mahali reli inapoishia. Siku hizo Mpanda ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, na neno Katavi tulilijua kama jina la mbuga ya viboko. Mdogo wangu Skola na mumewe Deusi walikuwa wananisubiri stesheni. Deusi ni fundi baiskeli wa pale mtaa wa Shanwe, na msimu wa dagaa ukifika anafunga banda lake na kwenda ziwani kununua mzigo. Aliniona nikishuka kinyumenyume, ngazi baada ya ngazi, akaja kunishika mkono.

"Karibu, shemeji. Leo hata treni imepumua," alisema.

"Nawe utapumua ukibeba hilo sanduku," nikamjibu. Ndivyo tulivyozoeana tangu alipoleta posa.

Nyumbani kwao Shanwe, Skola alikuwa ameniandalia kama anavyoniandalia siku zote. Wenyewe walikula ugali na maharage. Mimi akaniletea jagi la uji wa ulezi, mzito, wenye karanga za kusagwa, maziwa na sukari ya kutosha. "Pole dada yangu, na hilo tumbo lako. Kunywa tu angalau upate nguvu," alisema, na machozi yalimlengalenga. Nikanywa kwa ajili yake. Uji ulipita kwenye mkanda kama maji kwenye mfereji.

Kesho yake tukapanda lori linalokwenda ziwani kuchukua dagaa. Dereva alinipa kiti cha mbele, Deusi akapanda nyuma na magunia matupu. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na miombo pande zote ilikuwa imeanza kuchipua majani mapya ya rangi ya shaba. Kama ningekuwa na darasa langu pale, ningelisimamisha lori.

Lori lilisimama lenyewe, Kabungu, kwa pancha. Karibu na barabara palikuwa na mji wa Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao, na mwenye mji, Mama Kabula, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuja mwenyewe kututoa juani. "Mwadila!" alitusalimu kwa Kisukuma, salamu ya mchana, kisha akageukia Kiswahili. "Mgeni hakai barabarani wakati nyumba ipo. Njoni nyie, mle."

Kwa Mama Kabula huwezi kusema huli. Alitandika mkeka, akaleta ugali uliosimama na mlenda, akakaa pembeni kunitazama. Nikamega tonge dogo, nikatafuna mpaka likawa kama maji, nikameza. Likakwama. Yeyote aliyefungwa mkanda anaujua ule uchungu, unakukaba kifuani, mate yanajaa, tonge halipandi halishuki. Nikainuka mbio nikaenda nyuma ya zizi kutapika.

Niliporudi, Mama Kabula alikuwa amesimama na mikono kichwani.

"Chakula changu kimekudhuru?"

"Hapana, mama. Tumbo langu ni bovu. Nimefanyiwa upasuaji."

"Ee Mungu wangu! Na mimi nakupa ugali!" Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mtindi, akautia sukari mbele yangu bila kupima. Nilipoumaliza akanikorogea na uji wa mahindi wenye maziwa. "Mgonjwa hatoki kwangu na njaa," alisema. Na kweli sikutoka na njaa. Deusi alikuwa anakula ugali wake kimya, ananitazama juu ya sufuria. Pancha ilipozibwa, Mama Kabula alinikumbatia kama mwanawe, nami nikamuaga nikiwa na uchungu moyoni kwamba nimekataa chakula cha mtu mwema kiasi kile.

Alasiri tukaiteremkia Ikola. Kwanza unasikia harufu ya dagaa, kisha unaliona ziwa, la buluu iliyoiva, na milima ya Kongo kwa mbali, ikionekana siku ambayo yenyewe imependa. Mchangani dagaa walikuwa wametandazwa eneo zima, wanang'aa, na wanawake wakiwageuza kwa mafagio. Mmoja wao alikuwa mama. Alitupa fagio chini akaja mbio, mwembamba, mweusi kwa jua, na nilipomwinamia kumkumbatia nilihisi naweza kumvunja.

Alinishika uso kwa mikono miwili yenye magamba ya samaki.

"Umechoka sana, mwanangu. Njiani umekula nini?"

"Sijala, mama. Tangu Dar es Salaam sijala."

Nyuma yangu Deusi aliachia gunia likaanguka.

"Hajala!" alisema. "Mama, huyu hajala? Kamaliza jagi la uji la Skola, asubuhi kaomba jingine! Pale Kabungu kanyonya kibuyu cha mtindi mpaka kikawa chepesi, uji wa yule mama kakomba na kidole! Na hiyo asali yako aliyokuletea, uliza kwanza ilikuwa ya kiasi gani!"

Wanawake wa dagaa wakaangua kicheko. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka, na nikafungua mdomo kumjibu Deusi kwa kile ambacho mtu yeyote kwetu angejibu: uji ni kinywaji, mtindi ni kinywaji, kula ni kula ugali. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaweza kushinda anakunywa chai, anatafuna karanga, analamba asali, jioni akakuapia mbele ya padri kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, na padri atamhurumia kwa sababu naye ndivyo anavyohesabu.

Lakini kabla sijajibu nikamkumbuka daktari. Nikamwona ameshika kalamu, ananiuliza nimekula nini, nami namwambia sijala. Miaka yote ile. Naye, maskini, aliyasikia maneno yale kama mtu aliyesoma nje, akadhani nafunga. Kila alipoukaza mkanda ugali ulizidi kushindikana, ndugu walizidi kunihurumia, na majagi ya uji yalizidi kuja. Kicheko kikaniisha. Nikakaa mchangani kati ya dagaa, sikujali nguo.

"Una nini?" mama aliuliza.

"Nimejua mkanda ulivyoshindwa," nilisema. Na nilianza kulia, pale pale mbele ya watu.

Mama hakunihoji siku hiyo. Asubuhi, tukiwa tumekaa kibarazani kwake, ndipo nilipomweleza nilichokuja kumwomba. Alisikiliza huku anachambua dagaa kwenye ungo, na nilipofika kwenye kukatwa kwa tumbo mikono yake ikasimama.

"Baba yako nilimsindikiza anatembea kwa miguu yake," alisema. "Alinipungia mkono dirishani."

"Najua, mama."

"Hujui. Wewe ulikuwa shule." Akarudia kuchambua dagaa. "Sasa nikuulize. Wa kwanza wamekufunga wataalamu, umeshindwa. Huu wa pili utashinda kwa nini? Uji si utapita tu?"

Njia nzima niliogopa swali hilo, na kama ningeulizwa nikiwa bado Shanwe nisingekuwa na jibu. Sasa nilikuwa nalo. Nikamwambia mkanda ni kizuizi cha ugali tu, chochote cha maji kinaupita bila kupiga hodi. Upasuaji wa pili hauko hivyo. Nikinywa uji wa sukari nitaugua papo hapo, jasho na moyo kwenda mbio, mpaka mwili wenyewe uuogope. Yale ambayo daktari aliniambia kama ubaya, na mimi nikayabeba kama ubaya, ndiyo niliyokuwa nayahitaji. Lakini hata upasuaji huo unaweza kushindwa nikiendelea kuhesabu kama nilivyohesabu. Ndiyo maana daktari anataka mpishi, na mpishi ninayemtaka ni yeye.

"Nami naogopa, mama," nilisema. "Naogopa sana. Lakini nikikaa hivi hivi nakufa, na wewe utanizika."

Mama aliingia ndani kupika. Alichemsha mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, kwa chumvi na nyanya, akauchambua nyama kwa vidole vyake, vipande vidogo kama punje za mahindi, akaniwekea kwenye sahani ya chai. "Kula hapa, nikuone," alisema. Nilikula taratibu sana, kipande kimoja, kisha nasubiri, kisha kingine. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba majirani wawili walipita, wakasalimu, wakarudi, wakatukuta pale pale. Hakuna kilichokwama. Sahani ilipoisha nilihisi kitu nilichokuwa nimekisahau, nimeshiba, na sikutaka kitu kingine.

Mama aliosha mikono. "Nitakwenda," alisema. "Lakini huyo daktari nitamuuliza mwenyewe. Akinijibu vibaya, tunarudi wote."

Siku chache baadaye tukaianza safari ya kurudi, juu ya magunia ya Deusi yaliyojaa. Kabungu niliomba dereva asimame. Nilitaka kumsalimia Mama Kabula na kumwachia dagaa. Alipotuona tu akageuka kuelekea kwenye kibuyu. Mama akamshika mkono, wakasogea pembeni, wanawake wawili wanaonong'ona na kunitazama. Sijui mama alimwambia nini. Mama Kabula alirudi na yai moja la kuchemsha, akalikata vipande kwa kisu, akanitazama nikilila mpaka mwisho.

Shanwe haikuwa rahisi hivyo. Skola alilia. "Kwa hiyo mimi ndiye nimemnenepesha dada yangu?" aliuliza. Nikamwambia hapana, alinipenda na mimi nikanywa, hakuna mwenye kosa. Alikubali, ila jioni hiyo mikono yake ilikosa kazi, akaingia na kutoka jikoni mara kadhaa. Mwisho alikaa karibu yangu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama maharage yaliyopondwa yanaruhusiwa. Yalikuwa yanaruhusiwa.

Ndani ya treni mama alikaa dirishani, na mimi nikajibana nusu ya nafasi niliyokalia wakati wa kuja. Hakuwahi kupita Tabora maisha yake yote. Alinihoji kila mto, kila kilima, nami nilifundisha tangu Kaliua hadi Morogoro bila ubao, na kwa muda mrefu nilisahau magoti. Asali hatukununua.

Dar es Salaam, chumbani kwa daktari, mama alikaa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Daktari akafungua faili langu.

"Mwalimu, umekula nini tangu asubuhi?"

Ulimi ulikwisha kujikunja kusema neno lile lile la siku zote. Mama akakohoa. Nikaanza upya: chai ya rangi isiyo na sukari, yai moja, nusu ya ndizi mbivu. Kisha nikamwambia habari za uji. Nikamwambia majagi, vikombe, mtindi, asali, soda za mapumziko shuleni. Daktari aliweka kalamu mezani, akanitazama kwa muda, akaanza kucheka polepole, cheko la mtu aliyeambiwa jambo la kwao.

"Na mimi bibi yangu wa Upareni ndivyo alivyohesabu," alisema. "Nilipaswa kukuuliza umekunywa nini." Akasema mkanda utatoka kwa vyovyote vile, na kwamba sasa anaona sababu nzuri zaidi ya upasuaji wa pili kuliko mwanzo, mradi tuendelee hivi mpaka mwalimu wake afike.

Ndipo mama akamuuliza swali lake. Alitaka kujua kama yeye, daktari, atakuwepo asubuhi ya siku ya pili, siyo tu siku ya kupasua. Baba alifia siku ya pili. Daktari alisema matatizo yanaweza kutokea, hawezi kumwahidi kila kitu, lakini asubuhi hiyo atakuwepo, na mama atamkuta amekaa kitandani pangu. Mama alimwangalia machoni, akaachia mkoba.

Nilipasuliwa. Asubuhi ya pili daktari alikuwepo, na mama alikuwa amemtangulia. Kile kiti cha mikono, muhula uliofuata, mkuu wa shule alikichukua yeye mwenyewe na kukirudisha ofisini, kwa upole ule ule, bila kusema neno.

Lakini ninachokikumbuka zaidi katika safari yote ni jioni niliyoruhusiwa kutoka hospitalini. Nilikuwa nimelala chumbani, nimeshakunywa vijiko vichache vya supu ya samaki iliyochujwa, vile vile daktari alivyoagiza. Nikasikia hodi. Walikuwa majirani zetu, wamekuja kunipa pole, na kwa jinsi walivyokuwa wanaambiana washike vizuri isimwagike nilijua wamebeba chupa kubwa ya uji. Nikamsikia mmoja akisema, kwa huruma ya kweli, maskini mwalimu, na hali hii, atakuwa hajala.

Mama alifungua mlango kidogo, akasimama katikati yake, na sauti yake ya Ikola ikanifikia kitandani.

"Asanteni sana, Mungu awabariki," alisema. "Ila mwanangu ameshakula."